Mama aliyekimbia na sehemu zake 12



Hapa Masisi na kule Walikale mnatuuliza: vijana waliorudi mnawafundisha kuandika programu za nini, na mashamba bado ni pori? Tujibu kwa AVEC, ile ile mnayoijua.

Tuseme mwisho wa mzunguko sanduku liko na dola 600, sehemu zote ni 200. Mama mwenye sehemu 40 anapata 120. Hiyo hata mtoto anahesabu. Lakini vita iliingia, mama mwingine akakimbia, akaacha sehemu 12 katika kitabu. Siku ya kugawa hayuko. Anapata ngapi?

Vijana wanajifunza Python kwa mazoezi kama yale ya Exercism, yaliyoanzishwa na Katrina Owen mwaka 2013. Kila zoezi linakuja na majaribio yake. Unapakua pale kuna rezo, kisha unafanya bila intaneti, bora batri ya sola iwe imejaa. Kijana anaandika, mashini inamujibu: jibu lilipaswa kuwa 36, wewe umeleta 0. Hakuna wa kumugombeza. Anasahihisha, anarudilia. Mwanzoni karibu yote yanaanguka, na ni vizuri: jaribio ambalo halijaanguka hata mara moja, utajuaje kama linaangalia kitu?

Sasa, majaribio ya AVEC hayako kwa Exercism. Yako kwenu. Programu inaweza kutembea bila kosa lolote, kumbe inahesabu waliohuzuria tu. Mama wa sehemu 12 anapata 0, dola 600 zinaisha zote, jumla iko sawa, na hakuna anayeshituka. Mashini haijui haki ya mtu. Inajua kile ilichoulizwa.

Ndiyo maana kijana haandiki hata mustari mumoja mbele komite haijasema majibu: aliyekimbia, aliyekufa akaacha watoto, mwenye deni. Hapo makelele yanaanza, na sisi tunayapenda. Afazali mugombane leo kuliko siku sanduku limefunguliwa.

Kwa mukutano ujao kila komite ilete kesi tatu zilizowahi kuleta ugomvi, bila majina ya watu, pamoja na jibu ambalo wote walikubali, kwa dola. Kitabu cha karatasi kinabaki. Mzunguko wa kwanza tutagawa kufuatana na kitabu, programu ihesabu pembeni, tulinganishe.