Kusoma Si Kutamka Maneno Tu

(Mazungumzo na wenyeviti, makarani na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuzungumze juu ya kusoma. Tunajua kuna mtu anayesema moyoni, "Kusoma tena? Mimi si nilimaliza shule zamani?" Basi, tusikilizane kidogo.

Sisi tunaotembelea vikundi tumeliona jambo hili mara nyingi. Karatasi ya mkopo inaletwa. Karani anasimama, anaisoma mbio mbio toka juu hadi chini, hakwami hata neno moja. Mwenyekiti anauliza, "Mmeelewa?" Wote wanaitikia, "Ndiyo!" Kalamu inazunguka, sahihi zinatiwa, na asiyejua kuandika anaweka kidole gumba. Baada ya miezi kadhaa mama mmoja anaambiwa mbuzi wake watachukuliwa, kwa sababu alimdhamini mwenzake, na huyo mwenzake hakulipa. Mama anashangaa: "Lakini mimi sikukopa hata senti!" Ni kweli hakukopa. Lakini neno "mdhamini" lilikuwa kwenye karatasi, likasomwa kwa sauti, na hakuna aliyeuliza maana yake.

Kwa hivyo kuna kusoma kwa mdomo na kuna kusoma kwa akili. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2006, watu wazima waliofikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika walikuwa asilimia 61.5. Waliofikia kiwango kinachotakiwa hasa walikuwa asilimia 29.6 tu. Maana yake ni kwamba watu wengi walijua herufi, lakini karatasi ya maana ikiwekwa mbele yao, iliwashinda.

Je, kuelewa kunaweza kufundishwa? Ama mtu huzaliwa nako? Kuna mama mmoja msomi aliyelichunguza swali hili kwa miaka mingi. Jina lake ni Ann Brown, mtaalamu wa saikolojia ya elimu. Alizaliwa Uingereza mwaka 1943, wakati wa vita. Utotoni kusoma kulimpa taabu sana, na hakusoma vizuri mpaka alipofika umri wa miaka 13. Huyo huyo alikuja kupata shahada ya udaktari, akafundisha katika vyuo vikuu huko Marekani, na alipofariki mwaka 1999 walimu wa nchi nyingi walikuwa wakitumia kazi yake. Basi usimwite mtoto wako mjinga upesi.

Mwaka 1984, yeye na mwenzake Annemarie Palincsar walichapisha utafiti walioufanya katika jimbo la Illinois. Walichukua wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakitamka maneno vizuri, lakini ukiwauliza walichosoma, hawana jibu. Wakawaweka katika vikundi vidogo kwa muda wa siku 20 hivi, karibu nusu saa kila siku. Hawakuwapa vitabu vya ajabu. Waliwafundisha kufanya mambo manne kila baada ya kusoma kifungu kifupi: kuuliza swali, kusema ufupi wake, kufafanua lililo gumu, na kukisia kitakachofuata. Tena walifanya kwa zamu. Leo wewe ndiwe mwalimu wa kifungu hiki, kifungu kinachofuata ni mwenzako. Mwalimu mwenyewe alianza kwa kuwaonyesha, halafu akapunguza msaada kidogo kidogo, kama mzazi anayemwachia mtoto mkono anapojifunza kutembea.

Mvulana mmoja, siku ya kwanza, alitakiwa kutunga swali juu ya habari za nyoka. Akababaika, maneno yakagongana, akakiri kwamba hawezi. Mwalimu hakumkemea. Alimtungia swali, naye akalirudia. Ilipofika siku ya 15, kijana huyo huyo alisoma habari za Ncha ya Kusini ya dunia, akauliza mwenyewe kwa nini wanasayansi huenda kufanya uchunguzi huko. Hilo ndilo lilikuwa jambo kuu la kifungu kile.

Matokeo yalikuwaje? Mwanzoni wanafunzi hao walikuwa wakipata maswali kama 3 au 4 kati ya 10. Mwishoni walipata 7 au 8. Baada ya wiki 8 walipimwa tena, na faida ilikuwa bado ipo. Kikundi kingine, kilichoonyeshwa tu mahali jibu lilipo katika kifungu, hakikuendelea hivyo. Kuonyeshwa jibu si sawa na kujifunza kulitafuta.

Sasa turudi kwenye karatasi yetu ya mkopo. Tuseme kifungu chake kimoja kinasema hivi: "Mkopaji akichelewa siku 30, wadhamini watawajibika kulipa deni lote lililobaki." Msikimbilie kifungu cha pili. Anayeongoza zamu na afanye hivi:

Kwanza, aulize swali: "Mkopaji akishindwa, ni nani atakayelipa?" Wanachama wajibu kwa maneno yao.

Pili, aseme ufupi: "Ukimdhamini mtu, deni lake linaweza kuwa lako."

Tatu, afafanue magumu: "Kuwajibika ni nini? Je, deni lote ni pamoja na riba?" Kama hakuna ajuaye, swali liandikwe, na aulizwe ofisa wa mkopo kabla ya kalamu kuguswa.

Nne, akisie: "Nadhani kifungu kinachofuata kitasema mali gani inaweza kuchukuliwa." Halafu msome muone kama ni hivyo. Kama karatasi haisemi, hapo pia mmepata swali la kuuliza.

Mtu atasema, "Hiyo itachukua saa nzima." Ni kweli. Lakini linganisheni saa moja na mbuzi wa yule mama.

Kuna jambo lingine hapa, nalo ni hamu. Mtu anayesomewa kila siku huanza kusinzia, au kuangalia dirishani. Lakini akijua kwamba zamu yake inakuja, hukaza masikio. Akijaribu na kufaulu kidogo, hupata nguvu ya kujaribu tena. Ndiyo maana katika kikundi pasiwe na kumcheka mtu aliyekosea. Kicheko kimoja kinaweza kumfunga mama mdomo kwa mwaka mzima, na pengine yeye ndiye angeuliza lile swali la kuwaokoa nyote. Wazee walisema kuuliza si ujinga.

Na wale wasiojua herufi kabisa? Njia hii haifundishi herufi. Kwa hilo twende masomo ya ngumbaru, wala hakuna aibu. Lakini Palincsar na Brown waliitumia pia kwa watoto wa darasa la kwanza ambao walisomewa tu, wakajadili walichosikia. Basi asiyejua kusoma naye ashike zamu. Masikio yake na akili yake vinatosha kuuliza.

Tusitie chumvi. Mwaka 1994 Barak Rosenshine na Carla Meister walikusanya tafiti 16 juu ya njia hii. Waliona inasaidia, lakini faida ilikuwa kubwa zaidi katika mitihani iliyotungwa na watafiti wenyewe kuliko katika mitihani ya kawaida. Hii si dawa ya siku moja. Ni kazi ya mazoezi, kama kupalilia.

Kabla hatujaagana, tunawapa kazi ya nyumbani. Katika mkutano wenu ujao, chukueni katiba ya kikundi chenu. Someni kifungu kimoja tu, kile cha faini au cha mkopo, kwa mambo yale manne. Kila mmoja apate zamu, na zamu ya kwanza apewe yule ambaye huwa hasemi. Karani aandike maswali yote yaliyokosa jibu, aje nayo hapa. Tutayajibu pamoja.

Sasa ulizeni.