Wakfu wa Kalamu: Hakimiliki, Ijaza na Ruhusa ya Kunakili

(Nakala ya mhadhara uliotolewa msikitini baada ya Swala ya Isha, mbele ya maimamu, walimu wa madrasa na waumini)

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Masheikh zangu, walimu wenzangu na ndugu zangu katika imani, chukueni kitabu chochote cha dini mlicho nacho nyumbani, mfungue ukurasa wa pili. Mtakuta maneno matatu: Haki zote zimehifadhiwa. Kisha nendeni katika madrasa yoyote ya mtaani, mtazame wanafunzi wameshika nini. Wameshika fotokopi ya kitabu hicho hicho, wino umefifia, irabu hazionekani, na mara nyingi jalada lenye jina la mtunzi halimo. Mwalimu aliyeipeleka dukani kudurufiwa ni mtu mchamungu, wala hakukusudia dhuluma. Ana watoto arubaini na nakala moja. Basi ama amevunja haki ya mtu, ama awaache watoto arubaini bila kitabu. Mas'ala haya si madogo, nasi tumeyanyamazia kwa muda mrefu.

Swali la kwanza ni hili: je, haki ya mtunzi ni haki mbele ya sharia ya Kiislamu, au ni desturi tuliyoletewa na Wazungu? Maulamaa walikhitilafiana. Baadhi ya wanavyuoni wa Bara Hindi wa kizazi kilichopita waliona kwamba kisichoshikika kwa mkono hakiuziki, na kwamba aliyenunua kitabu ana uhuru wa kukinakili. Wengine, akiwemo Mufti Muhammad Taqi Usmani, waliona kwamba jambo ambalo watu kwa ada wanalihesabu kuwa mali, na lina manufaa ya halali, ni mali. Mwezi Disemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Kuwait na kupitisha azimio namba 43: haki za utunzi na uvumbuzi ni za wenyewe, zina thamani ya kifedha, zinalindwa kisharia, na haifai kuzivamia. Mimi nafuata kauli hiyo, na naiona ndiyo yenye nguvu zaidi. Mtu aliyekesha miaka mitatu akiandika ana haki katika jasho lake kama fundi seremala alivyo na haki katika mlango alioutengeneza.

Lakini kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, mtunzi hahitaji kusajili chochote wala kuandika yale maneno matatu. Haki inazaliwa pale pale kazi inapoandikwa, na kipimo cha chini kabisa cha mkataba huo ni kwamba inadumu kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kuwa kunyamaza ni kukataza. Sheikh aliyeandika kijitabu cha tohara kwa nia ya thawabu, akakigawa bure, akafariki bila kusema neno juu ya kunakili, amekifunga kijitabu chake kwa nusu karne bila kujua. Warithi wametawanyika, mmoja yuko Muscat, mwingine London, na hakuna wa kuombwa ruhusa.

Angalieni mifano miwili. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, alifariki mwaka 1947. Kwa kipimo cha miaka 50 maandishi yake yalikwisha kuwa milki ya umma tangu kumalizika mwaka 1997, na yeyote anaweza kuyachapa, maadamu asimsingizie asichokisema. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alifariki mwaka 1982. Kwa kipimo hicho hicho, alichokitunga kimo katika himaya hadi mwisho wa 2032. Hao ni maulamaa wawili wa pwani moja na harakati moja ya kuamsha watu, na hukumu ya vitabu vyao leo ni mbalimbali.

Je, wazee wetu walifanyaje kabla ya haya? Walikuwa na ijaza. Mwanafunzi alisoma kitabu mbele ya sheikh wake, na sheikh akamwandikia ruhusa ya kukipokea na kukifundisha, akitaja naye alikipokea kwa nani. Hapakuwa na kufungua ovyo, wala hapakuwa na kufunga. Jina la mwenye elimu halikuachwa, kwa sababu elimu isiyo na sanadi ilionekana kama mtoto wa kuokotwa. Na walikuwa na wakfu. Miongoni mwa vitabu vya kale vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, mna vilivyoandikwa kuwa ni wakfu kwa ajili ya wanafunzi. Mwenye kuweka wakfu huweka na sharti lake, na sharti hilo huheshimiwa, naye hana tena njia ya kurejea nyuma.

Nayasema haya ili tusishangae tukisikia habari ya leseni zinazoitwa Creative Commons. Zilitolewa Marekani mwezi Disemba 2002 na jumuiya iliyoasisiwa na mwanasheria Lawrence Lessig pamoja na wenzake. Mwenye kazi habaki na njia mbili tu, kufunga yote au kuachia yote. Anabaki na haki yake, kisha anatangaza ruhusa yenye masharti anayoyachagua. Leseni zake sita zote zinalazimisha mtunzi atajwe. Baada ya hapo anaweza kuongeza sharti la kutofanyia biashara, sharti la kutobadili, au sharti kwamba atakayebadili naye aitoe kazi yake mpya kwa ruhusa ile ile. Na akishatoa, hawezi kumnyang'anya ruhusa mtu anayetimiza masharti. Aliyesoma mlango wa wakfu katika fiqhi ataona yuko nyumbani, ijapokuwa hivi ni vitu viwili mbali.

Waislamu na Waarabu wamekwisha kuzitumia. Mwezi Januari 2009, Gaza ilipokuwa ikishambuliwa na waandishi wengi wa nje wamezuiwa kuingia, televisheni ya Al Jazeera ilitoa picha zake za vita kwa leseni ya kutajwa tu, hata mshindani wake akaruhusiwa kuzitumia. Nao mradi wa Tanzil, ulioanza mwaka 2007 kusahihisha maandishi ya Qur'ani kwa ajili ya kompyuta, umeyatoa kwa leseni ya namna hii: nakili upendavyo, utaje Tanzil, wala usibadili herufi. Programu nyingi za msahafu zilizomo katika simu zenu zimechota humo.

Sasa nije katika tahadhari, maana wengine wakisikia habari hii hukimbilia sharti la kutobadili, wakidhani ndiyo salama. Kwa maandishi ya Qur'ani ni sawa. Kwa kijitabu chako cha fiqhi fikiri mara mbili: tafsiri ni mabadiliko. Ukiweka sharti hilo, mwalimu wa Msumbiji anayetaka kukisambaza kwa Kimakonde amefungiwa mlango. Sharti la biashara nalo lina utata wake. Muuza vitabu anayebeba mzigo kwa baiskeli hadi kijijini na kuongeza shilingi chache, je, ni mfanyabiashara? Kwa lugha ya leseni huenda ndiye. Na kubwa kuliko yote, huwezi kutoa kisichokuwa chako. Matini ya karne ya saba Hijria ni ya umma, lakini dibaji na tanbihi za muhakiki wa leo ni mali yake. Mawaidha uliyoyarekodi kwa simu ni ya sheikh aliyeyatoa, muulize kwanza.

Najua swali lililo katika nyoyo za walimu: mwenye kuandika atakula nini? Ni swali la haki. Mishahara ya madrasa tunaijua. Sisemi kila mtu afungue kila kitu, na nachukia kuona mwalimu maskini akisutwa kwa kuuza kitabu chake. Sadaka ya kulazimishwa si sadaka. Mwenye kuhitaji auze. Anaweza kuzuia biashara ya wengine na kuruhusu madrasa, au akauza chapa mpya akaifungua ya zamani. Lakini aliyekwisha kunuia kwamba elimu yake imfuate kaburini, kama Mtume (S.A.W.) alivyotufundisha juu ya elimu yenye kunufaisha, basi nia hiyo aiandike. Iliyobaki moyoni haimsaidii mwenye duka la fotokopi.

Kwa hiyo walimu wenye vijitabu, leteni orodha zenu kwa katibu wa madrasa kabla ya Ijumaa ijayo. Kwa kila kimoja andikeni: nani mtunzi, yu hai au amefariki, mwaka gani, warithi ni nani. Kwa vile ambavyo mwenyewe ameridhia, tutachapa katika ukurasa wa pili maneno haya: Kitabu hiki ni cha fulani. Ni ruhusa kukinakili, kukitafsiri na kukisambaza kwa sharti la kumtaja mtunzi na kuonyesha kilichobadilishwa, kwa leseni ya Creative Commons, toleo la 4.0. Vilivyobaki vitakaa kama vilivyo mpaka wenyewe waulizwe.

Wabillahi Tawfiq.