Kinga na Kinga: Mbu wa Mjini na Mnyoo wa Matende
(Mhadhara wa umma, Gerezani, Dar es Salaam)



Tangu niliposhuka kituo cha mwendokasi hadi kufika ukumbini nimesindikizwa na milio ya nyundo na cheche za kuchomelea vyuma. Nimejiona niko nyumbani, maana nami ni fundi: kazi yangu ni kupasua mbu. Namlaza mbu jike kwenye tone la maji ya chumvi chini ya hadubini, kisha kwa sindano mbili nyembamba natenga kichwa, kifua na tumbo. Kifua nakichambua polepole, uzi mmoja mmoja wa misuli. Mara nyingi sikuti kitu. Lakini kama siku tano zilizopita alinyonya damu ya mtu mwenye minyoo ya matende, huenda kati ya misuli ya mabawa nikaona kitu kifupi, kinene kama soseji, kinajinyonganyonga. Huyo ni mtoto wa mnyoo uitwao Wuchereria bancrofti. Ndiye mzizi wa matende na mabusha katika pwani yetu.

Kwamba mnyoo huyu hukulia ndani ya mbu tunakujua tangu 1877, Patrick Manson alipopasua mbu kule Amoy, China. Swali langu la leo ni jingine: mbu ana kinga, sasa inakuwaje mgeni huyu akae kifuani mwake akinenepa?

Mbu hana kingamwili kama zetu, wala damu yake haikumbuki adui wa mwaka jana. Ana silaha za namna nyingine. Ya kwanza iko kooni. Mbu wa malaria, Anofelesi, ana meno madogo magumu mahali damu inapopita, na vijiminyoo vingi, yaani wale watoto wa mnyoo wanaoingia na damu, huchanwachanwa hapo kabla havijafika tumboni. Ya pili iko katika majimaji ya mwili. Menya ndizi mbichi uiache mezani: baada ya muda inakuwa nyeusi. Kemia inayofanana na hiyo hufanya kazi ndani ya mdudu. Chembe za ulinzi zikimtambua mgeni, vimeng'enya huamshwa na mnyoo hufunikwa kwa ganda jeusi la melanini. Humo ndani hapati chakula wala hewa, naye hufa. Katika kupasua, mnyoo wa namna hiyo huonekana kama kijiti cha kahawia kisichotikisika.

Sasa tuje kwa mbu wetu wa mjini, Kuleksi, yule anayezaliana kwenye mashimo ya vyoo na mitaro ya majitaka, akatuimbia masikioni usiku kucha. Kooni meno yake ni dhaifu. Mnyoo naye hakai kumsubiri askari: katika saa chache tu hutoboa ukuta wa tumbo na kujichimbia ndani ya chembe za misuli, mahali ambapo majimaji ya kinga hayafiki. Hapo hukua kwa takribani siku 10 hadi 14, kisha huhamia kichwani. Mbu akiuma tena, mnyoo hutokea mdomoni, huanguka juu ya ngozi na kuingia kupitia tundu la kuumwa. Navyo vijiminyoo hujua saa: hujaa katika damu ya ngozini kati ya saa nne na saa nane usiku, wakati mbu huyu anapokula.

Jambo moja naomba tulishike. Mnyoo huyu hazaliani ndani ya mbu. Anayeingia mmoja hutoka mmoja, au hatoki kabisa. Kwa hiyo hesabu ndiyo kila kitu. Dawa za kingatiba, aivamektini na albendazo, hupunguza vijiminyoo katika damu ya watu, wakiwemo wengi wanaobeba minyoo bila dalili yoyote. Palipo na Anofelesi peke yake, vichache vinavyobaki humalizwa na meno ya kooni, na mnyororo hukatika. Mjini mambo ni tofauti. Kuleksi hupitisha hata vile vichache. Kinga yake haitusaidii, na pengo hilo ni juu yetu kuliziba.

Linazibika. Makunduchi, Unguja, katika miaka ya 1980 watu walipewa dawa, na mashimo ya vyoo yenye maji yakamwagiwa chembe nyepesi za plastiki nyeupe, jamaa ya zile zinazofungiwa televisheni. Zilielea zikafunika maji: viluwiluwi vikakosa hewa, majike yakakosa pa kutagia. Katika miaka mitano, idadi ya watu wenye vijiminyoo katika damu ilishuka kutoka asilimia 49 hadi asilimia 3. Kijiji kingine kilipewa dawa peke yake, na huko maambukizi yalianza kupanda tena.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walikuwa na maana ya vijinga vya moto, lakini leo nawaomba niliazime neno lao. Dawa ni kinga moja, shimo lililofunikwa ni kinga ya pili. Kijinga kimoja kikiachwa peke yake huzimika.

Basi, ndugu zangu, siku ya kingatiba ikitangazwa mtaani, mezeni dawa, hata yule asiyeumwa. Na jioni hii mkifika nyumbani, chukueni tochi mmulike choo. Kama mfuniko umepasuka au bomba la hewa halina wavu, mafundi wa kulitengeneza wamejaa nje ya ukumbi huu.