Mwenyekiti Aliyefunga Mlango

(Mazungumzo na viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

 

Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tutazungumza juu ya kiti. Ndiyo, kile kiti cha mwenyekiti. Nimeona vikundi vingi vikianguka, na si kila mara fedha ndizo zilizopotea. Mara nyingi mtu mmoja amekuwa mkubwa kuliko kikundi.

Msifikiri ugonjwa huu ulianzia kwetu. Fungueni Agano Jipya karibu na mwisho, Barua ya Tatu ya Yohane. Ni fupi sana, sura moja tu. Mwandishi anajiita Mzee, naye anamwandikia rafiki yake Gayo habari za mtu mmoja kanisani, jina lake Diotrefe.

Siku zile Wakristo walikutana katika nyumba za watu. Wahubiri walitembea mji hadi mji bila kupokea kitu kwa wasioamini. Waliwategemea waamini wenzao kwa chakula na mahali pa kulala. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kufunga mlango alikuwa na nguvu nyingi. Diotrefe akaufunga.

Tazameni makosa yake. Mzee aliliandikia kanisa, Diotrefe akakataa kumsikiliza, tena akamsema vibaya. Ndugu wasafiri hakuwapokea. Na wale waliotaka kuwapokea akawazuia, akawatoa katika kanisa. Angalieni vizuri: Mzee hamshtaki kwa wizi. Anasema tu kwamba mtu huyu alipenda kuwa mbele ya wengine. Hiyo ilitosha kuharibu.

Sasa turudi nyumbani. Kikundi kimoja kililetewa barua ya mafunzo ya bure ya ufugaji wa nyuki. Ilimwita katibu, si mwenyekiti. Basi mwenyekiti akaitia mfukoni mwa koti, kimya. Wanachama walipata habari mafunzo yakiwa yamekwisha. Mama mmoja aliyeuliza aliambiwa anyamaze, au achukue akiba yake aende. Hakuna hata senti iliyoibwa, lakini watu walianza kuondoka mmoja mmoja.

Je, Mzee alifanya nini? Hakumtukana Diotrefe. Alisema akija atayataja matendo yake wazi. Alimwonya Gayo asiige ubaya, akamsifu Demetrio, mtu aliyeshuhudiwa mema na wote.

Nasi tufanye hivyo. Tusimseme mwenyekiti kisimani na sokoni. Tumwambie mkutanoni, kwa heshima, tukitaja matendo. Na katiba yetu iseme wazi: kila barua isomwe mbele ya wanachama, uchaguzi ufanyike kwa wakati wake, mtu asifukuzwe kabla ya kusikilizwa.

Lakini wanachama nao wasijisahau. Karibu mwaka 96 kanisa la Roma liliwaandikia Wakristo wa Korintho barua tunayoiita ya Klementi. Kisa ni kwamba baadhi yao walikuwa wamewaondoa wazee wa kanisa waliofanya kazi yao bila lawama. Basi kiburi hakikai kwenye kiti peke yake. Hata kwenye benchi kinakaa.

Mimi pia kimenikalia. Wakati mmoja niliwaamulia akina mama mahali pa kuchimba kisima, kwa sababu mimi ndimi niliyekuwa na diploma. Wao wakanyamaza. Kiangazi kilipofika, kisima kikakauka. Nikamuuliza bibi mmoja kwa nini hawakusema. Akanijibu, “Tulijua, binti yangu. Lakini wewe hukutuuliza.”

Jibu hilo sijalisahau. Cheo ni ufunguo tulioazimwa ili tuwafungulie wengine.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Barua za kikundi chetu husomwa na nani, na lini?
2. Ni nani kati yetu ameacha kusema mkutanoni, na kwa nini?