Kiumbe wa Manyunyu: Mhadhara wa Kichiwa juu ya Chura wa Kihansi

Katika nchi hii ya Ubena, ambako ukungu hushuka alfajiri ukalowesha koti la mtu kabla hajafika barabarani, sina haja ya kufafanua manyunyu ni kitu gani. Na kwa kuwa kisa nilichowaletea ni kisa cha manyunyu tangu awali hadi tamati, naona nimekileta kwa wenyewe.

Niliombwa ninene juu ya vyura wenye sumu. Wale mashuhuri, ambao wawindaji wa misitu ya Kolombia waliwasugulia ncha za vishale vyao migongoni, ni wa Marekani ya Kusini, na ajabu yao ni kwamba hawazaliwi na sumu ile bali huichuma katika vidudu wanavyokula, hata chura wa aina hiyo aliyelelewa kiooni kwa chakula kingine hana sumu ya kumdhuru mtu. Shikeni neno hilo, maana litatufaa tutakapofika kwa chura wetu wenyewe.

Huyu wetu aligunduliwa na wataalamu mwaka 1996, katika korongo ambamo Mto Kihansi huiacha milima ya Udzungwa ukaporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta 2 hivi, chini ya maporomoko, mahali ambapo maji yakipiga mwamba hugeuka ukungu usiokatika usiku wala mchana. Nilipomwona kwa mara ya kwanza, katika chumba chake pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilidhani ni jani la manjano lililonata kwenye kuvumwani; kisha jani likapepesa jicho. Jike hafiki sentimita 3, na dume ni mdogo zaidi. Hatagi mayai kama ilivyo ada ya vyura, bali huzaa watoto walio hai, wenye miguu yao kamili, kila mmoja akiwa wa nusu sentimita tu. Na ngozi ya tumbo la mama ni nyembamba mno, hata ukimtazama kwa chini, kupitia kioo, waweza kuwaona wanawe wamelala humo kama punje za ulezi.

Basi wakati kiumbe huyu anajulikana, bwawa la umeme la megawati 180, lililojengwa kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia, lilikuwa limekwisha kukatiwa shauri. Mitambo ilipoanza kazi mwishoni mwa mwaka 1999, yapata sehemu tisa katika kumi za maji ziligeuzwa zikapita ndani ya mwamba, na korongo likakauka. Mimi si katika wale wanaoilaani Kihansi, kwa kuwa maneno haya nimeyaandika chini ya taa ya gridi ya taifa. Ninalolaumu ni hisabu iliyopima maji kwa uzito na kimo cha kuanguka kwake, isiuulize ule ukungu unaorushwa kando unamlea nani.

Ikawa taklifu ya kutengeneza manyunyu kwa mabomba, yakatandazwa korongoni. Na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. (Nimesikia mzaha mwingi ndani ya mabasi juu ya chura aliyetangulia kupanda ndege kabla ya mwenye nchi, na nimecheka na wenzangu.) Huko ugenini wengi walikufa kabla walezi hawajajua namna ya kuwalea, na hapa nyumbani, kinyume cha hofu, mabomba yalifaa: katikati ya mwaka 2003 vyura wa korongoni walikadiriwa kufika 20,000 hivi. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wote wamekwisha. Katika mizoga ilionekana kuvu ya ngozi iliyokwisha kuteketeza vyura katika mabara mengine; wako pia waliotaja viuatilifu vya mashamba ya juu ya mto, vilivyotuama katika tope la bwawa kisha vikafunguliwa, nasi tulimao viazi na mahindi milimani hatuna ruhusa ya kulisikia hilo kama habari ya watu wengine. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini.

Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 baadhi ya kizazi chao kikarudishwa Kihansi. Hapo ndipo lile neno la chura wa Kolombia linaporudi: aliyezaliwa kiooni huletwa korongoni akiwa na ngozi ya babu zake, lakini hajapata kukutana na kuvu ile, wala na wadudu wa pale, wala na ukungu usiotoka bombani.

Na bomba huziba. Jani moja dogo la msituni likikwama katika tundu lake, kipande cha kuvumwani kilicho chini yake huanza kukauka kwa pembeni, na mtoto wa nusu sentimita hawezi kutambaa mbali kufuata maji. Kwa hiyo yuko mtu ambaye kazi yake, huko Kihansi, ni kuteremka korongoni na kulitoa jani lile.