Sanamu Inapofumbuliwa Macho
Mhadhara wa umma uliotolewa Kinondoni, Dar es Salaam



Mkazi wa Mbagala au Tandika anayekatiza kwa miguu kutoka Kariakoo kwenda Posta hupita jirani na mahekalu ya Kihindu ya mtaa wa Kisutu. Husikia kengele, hunusa udi, huona viatu mlangoni, akaendelea na safari yake. Wengi wetu tumepita hivyo miaka nenda miaka rudi, tukiwa na maelezo yale yale tuliyokuzwa nayo: mle ndani watu wanaabudu mawe. Nataka leo tuyaweke kando maelezo hayo, tuulize sanamu ile imewekwa pale ifanye nini.

Tuanze kwa mchongaji. Sanamu nyingi nyeupe za marumaru zilizomo katika mahekalu ya Kihindu hutoka mikononi mwa mafundi wa Jaipur, India. Fundi hachongi anavyotaka. Vipimo vya uso, mikono na kiwiliwili vimewekwa na vitabu vya kale vya ufundi, na sura ya mungu ikikosewa vipimo haifai kwa ibada hata ikipendeza vipi. Lakini hata iliyochongwa bila kosa bado ni jiwe tu. Haijaanza kazi.

Kazi huanza siku makuhani wanapoipokea. Hulazwa ndani ya maji, kisha hufunikwa kwa nafaka, huogeshwa, husomewa. Mwisho kabisa hufumbuliwa macho, na uhai wa mungu huombwa uingie ndani yake. Tangu saa hiyo hutunzwa kama mgeni mheshimiwa aliyekubali kukaa. Alfajiri huamshwa. Huogeshwa, huvikwa nguo safi na maua, hupelekewa chakula, huwashiwa taa. Mtu akiingia hekalu la madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan mchana akakuta pazia limefungwa, asidhani wahudumu wamezembea: ni saa ya mwenyeji kupumzika. Muumini huja amwone mungu wake, na yeye mwenyewe aonekane. Macho kwa macho, hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Kile chakula kilichotolewa kikirudi, waumini hukigawana kama baraka.

Sasa fikirini sanamu hiyo hiyo ndani ya kabati la kioo la jumba la makumbusho, ina kibandiko chenye karne na aina ya jiwe. Hakuna anayeiogesha wala kuipikia. Kibandiko kinaweza kuwa sahihi kila neno, na bado mtazamaji akatoka bila kujua chochote kuhusu kazi ya sanamu.

Sisi wa huku hatuna udhuru wa kutolielewa jambo hili. Hapa Mwenge wachongaji, wengi wao Wamakonde, huuza vinyago vya mpingo kwa wageni, na ni kazi ya heshima. Lakini waulizeni wazee wa Newala kuhusu barakoa ya mapiko. Ile huchongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kuivaa kichwani, hufichwa wasioruhusiwa wasiione, na hutoka vijana wanapomaliza jando. Ikicheza, ni marehemu amerudi kijijini. Ikitundikwa ukutani katika nyumba ya mtalii, ni mti. Anayelijua hili kwa Wamakonde amekwisha kuielewa nusu ya hekalu la Kisutu.

Kwa Wabuddha mambo yana mwelekeo mwingine, na hapa ndipo moyo wangu ulipo zaidi. Upanga kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, waliokuja kufanya kazi Tanganyika chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Huhesabiwa miongoni mwa vituo vya kwanza kabisa vya Kibuddha barani Afrika. Ukiingia utavutwa na sanamu ya Buddha, lakini nawaomba mtazame kwanza mti wa bodhi ulioko uani. Buddha alizinduka akiwa ameketi chini ya mti wa aina hiyo. Kwa mapokeo ya Sri Lanka, vitukufu ni vya aina tatu: masalia ya mwili wake, vitu alivyovitumia, na vile vinavyomkumbusha tu. Mti umo katika aina ya pili; sanamu, katika ya tatu. Karne za mwanzo wachongaji wa India walimwonyesha kwa nyayo, gurudumu, kiti kitupu au mti. Sanamu zenye umbo lake zilianza kuenea karibu na karne ya 1 baada ya Kristo, huko Gandhara na Mathura.

Muumini anayeweka maua mbele ya sanamu ya Buddha haombi apewe gari. Anamkumbuka mwalimu aliyekwisha kuondoka, anajipatia thawabu, na maua yanaponyauka anajikumbusha kwamba naye atanyauka. Hata hivyo, msidhani sanamu yenyewe ni jambo jepesi. Huko Sri Lanka macho huchorwa mwisho, saa iliyochaguliwa na mnajimu, na fundi huyachora kwa kutazama kioo, akiipa sanamu mgongo. Akimaliza hutolewa nje amefunikwa macho, na kitu cha kwanza anachokitazama hukipiga kwa upanga. Robert Knox, Mwingereza aliyeshikwa mateka kisiwani humo karibu miaka 20, aligusia desturi ya macho hayo katika kitabu chake cha mwaka 1681.

Nimalizie kwa kurudi kwa Wahindu, kwa mungu wao Ganesha, mwenye kichwa cha tembo. Kwa sikukuu yake sanamu hufinyangwa kwa udongo, hukaribishwa, huabudiwa siku chache, kisha huagwa kwa ngoma na kutumbukizwa majini iyeyuke. Kuyeyuka ni sehemu ya ibada: mgeni amekwenda zake, udongo umerudi ulikotoka. Zilipoingia sanamu za plasta, nyepesi na rahisi, fukwe za Mumbai zikajaa mikono na mikonga isiyoyeyuka, na rangi zake zikachafua maji. Mwaka 2020 mamlaka ya India ya kudhibiti uchafuzi ilitoa mwongozo wa kuzikataa. Wengi walilichukulia kuwa suala la mazingira peke yake. Mimi naona lilikuwa pia suala la dini, maana sanamu isiyoweza kuondoka imeshindwa nusu ya kazi iliyotengenezewa.