Kumbukumbu ya Chetambe

Msikilizaji, wanajeshi wa Marekani hawakosi cha kukumbuka wiki hadi wiki: mapigano ya Normandy, Iwo Jima, na kadhalika. Sisi huku Bungoma tuna Chetambe, kilima cha Webuye, na aghalabu tunataja mwaka tu: 1895.

Wabukusu walijihami huko ndani ya boma lenye handaki, wakikabili kikosi cha Mwingereza Hobley. Lakini hawakuja Waingereza watupu. Walikuwamo Wasudani, tena na majirani zetu Wawanga, jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita mbio. Bunduki ya rashasha ikamaliza ubishi.

Aliyewarudia wafu wa Chetambe ni Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Mwaka 1947 aliongoza maelfu ya wafuasi Chetambe kuwaenzi waliouawa. Mwaka 1948 dini hiyo ikapigwa marufuku, naye akakamatwa. Kumbukumbu nayo ilikuwa kosa!

Na Kitale, huko Trans Nzoia, tukumbuke nini? Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mashamba ya huko yaligawiwa Wazungu waliotoka vitani. Wapagazi Waafrika wa Kariakoo (Carrier Corps), waliowabebea risasi na unga, hawakuwamo kwenye mgao. Hilo nalo tulipangie siku gani?